Wiki Sita za Joonatan

Marketta Kinnarinen alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha Louhela, nje kidogo ya mji wa Kajaani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Wenzake walidhani ni mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuweka mambo moyoni, na moyo wake ulikuwa na nafasi ya kutosha.

Louhela hutengeneza mashine za kukata misonobari, zile zenye mkono mrefu unaoukumbatia mti, ukaukata, ukaupogoa matawi na kuupima kabla dereva hajamaliza kupiga chafya. Dereva huketi ndani ya kibanda cha vioo, na mbele yake kuna skrini inayomwonyesha urefu wa gogo, unene wake na joto la mafuta. Kila kitu kwenye skrini hiyo kilikuwa kimeandikwa kwa Kaisla, na Kaisla ilitungwa na Marketta.

Ilikuwa lugha ya alama. Mwandishi wake haiambii kompyuta ifanye hili kisha lile. Anaitajia tu vilivyopo, kama mtu anayemweleza fundi nyumba anayoitaka: hapa pana kisanduku, ndani ya kisanduku pana kitufe, juu ya kitufe pana maneno haya, rangi yake kijani. Kompyuta inajijengea yenyewe. Marketta aliitunga majira ya baridi aliyofiwa na mama yake. Alichukua likizo ya wiki tatu ili apange nguo za marehemu, na badala ya kupanga nguo akaketi kwenye meza ya jikoni na kompyuta, kwa sababu alipokuwa akifikiria visanduku hakuwa akifikiria jambo lingine. Aliporudi kazini alikuwa na lugha nzima mkononi. Nguo zilikuwa bado kabatini. Akaiita Kaisla, yaani matete, kwa ajili ya matete ya ufukweni kwa kina mama yake.

Habari hiyo alimsimulia mtu mmoja tu maishani, naye ni Joonatan Räsälä. Joonatan alikuwa ameajiriwa karibuni, kijana mwenye akili kali na midomo ya haraka, na Marketta ndiye aliyemfundisha kazi. Siku moja walikuwa wanarudi kutoka kwa mteja huko Sotkamo, theluji inaanguka, gari linakwenda polepole nyuma ya gari la kusafisha barabara, na Joonatan akamwuliza kwa nini lugha imepewa jina la majani. Marketta akamwambia yote. Joonatan akasema asante kwa kumwamini. Ilikuwa miaka minane nyuma.

Basi akaja mkuu mpya wa kitengo, Pirjo Heikura, mwanamke wa kusini aliyependa mambo yawekwe mezani. Mwezi wa pili akawatumia watengenezaji programu wote ishirini na watatu dodoso lisilo na majina: nini maoni yako kuhusu Kaisla, tuibakize au tuiache? Semeni ukweli, aliandika. Na ukweli wote akaukusanya, akaupa namba, akautuma kwa kila mtu.

Marketta aliusoma siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana. Maoni mengine yalikuwa mazuri. Mmoja aliandika kwamba Kaisla inasomeka kirahisi hata na fundi wa umeme. Mwingine alisema imezeeka lakini haijawahi kumwangusha. Namba kumi na nne alilalamika kwamba ukisahau kufunga kisanduku kimoja, skrini nzima inakuwa nyeupe pee, na hakuna neno hata moja linalokuambia umekosea wapi. Ameshapoteza siku nzima akitafuta alama moja. Marketta akakunja uso akaendelea. Alishawahi kuyasikia hayo.

Kisha akafika namba kumi na saba.

"Kwa unyenyekevu kabisa," maoni hayo yalianza, "Kaisla si lugha. Ni matanga ya mtu mmoja ambayo sisi sote tumelazimishwa kuhudhuria kwa miaka ishirini. Haibaki kwa sababu ni nzuri, inabaki kwa sababu aliyeitunga hataki kuzika. Watu wawili wanaojua kazi wangeandika skrini zote upya, kwa lugha ya kisasa, katika wiki sita."

Akasoma mara mbili. Ndani ya Louhela ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mazoea ya kusema "kwa unyenyekevu kabisa" kabla ya kumtukana mtu. Na duniani kote ni mtu mmoja tu aliyejua habari ya matanga.

Akafunga kompyuta, akaenda kantini. Ilikuwa supu ya njegere, kama Alhamisi zote. Joonatan alikuwa ameketi meza ya dirishani, akamnyooshea mkono aje. Marketta akaenda, akaketi mbele yake, akala supu yake yote na chapati nyembamba ya jamu baadaye, wakazungumza habari za barafu ya ziwani, kama inabeba gari au haibebi. Alikuwa akimtazama anavyotia haradali kwenye supu, na moyoni anajiambia taratibu, bila haraka yoyote: huyu atakiona cha mtema kuni.

Nyumbani jioni hiyo alichukua koleo akaondoa theluji kwenye njia yake, kisha kwenye njia ya jirani, kisha akasimama katikati ya uwanja mweupe akifikiri. Kumshtaki kwa Pirjo hakutaka. Maoni hayakuwa na jina, na angeonekana mama mzee aliyeumizwa na ukweli. Kumharibia kazi kwa siri hakutaka pia, kwa sababu hajawahi kuharibu kazi. Ndipo alipoikumbuka ile sentensi ya mwisho. Watu wawili, wiki sita. Mwenyewe ameisema. Hakuna aliyemlazimisha.

Akajiwekea masharti matatu, na aliyashika karibu mpaka mwisho. Hatasema uongo. Hatavuruga chochote. Wala hatasaidia.

Jumatatu Pirjo aliitisha kikao cha kujadili maoni. Watu walikuwa wamekaa kama wako kwa daktari wa meno, hakuna anayetaka kuanza mbele ya Marketta. Basi akaanza yeye.

"Mimi nimevutiwa na namba kumi na saba," alisema. "Lugha yake ni kali kidogo, lakini huyu mtu anajua anachosema. Kaisla imezeeka. Watu wawili, wiki sita. Kama ni hivyo, tunangoja nini?"

Pirjo, ambaye alikuwa amejiandaa kwa vita, aliangusha mabega kwa nafuu. Akauliza Marketta anadhani nani aifanye kazi hiyo.

"Joonatan," alisema Marketta. "Hapa hakuna anayezijua lugha za kisasa kama yeye. Nimemfundisha mwenyewe, nawaambia. Akishindwa yeye, basi hakuna wa kuweza."

Masikio ya Joonatan yalikuwa mekundu kama yametoka sauna. Akasema labda wiki sita ni chache, labda ingefaa kwanza kupima ukubwa wa kazi. Marketta akamgeukia kwa uso wa huruma.

"Lakini aliyeandika ameshapima, bwana. Hebu soma. Anasema watu wawili wanaojua kazi. Wewe hujui kazi?"

Kuna aliyecheka. Joonatan akatazama meza. Angesema nini? Kwamba aliyeandika alikuwa anatia chumvi? Angejuaje? Akakubali. Akamchagua Sampsa Keränen awe mwenzake, mtu mtaratibu na mchapa kazi, na Pirjo akaandika ubaoni tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Skrini zilikuwa mia tatu na kumi na mbili.

Marketta alirudi nyumbani, akaning'iniza kalenda mpya jikoni, akaizungushia duara Ijumaa ya wiki ya sita. Hakuwa amekula kwa hamu namna ile tangu Krismasi.

Wiki ya kwanza Joonatan alikuja na maswali kwa mwendo wa kujiamini. Wiki ya pili akaja kwa mwendo wa kawaida. Kwa nini skrini ya msumeno ina visanduku viwili vilivyolaliana? Kwa nini joto la mafuta linasomwa kutoka sehemu tatu? Marketta alimjibu kila swali kwa maandishi, kwa mstari mmoja, na kila mstari ulikuwa kweli tupu. "Kwa unyenyekevu kabisa, angalia mwongozo, ukurasa wa mia mbili na tatu." Mwongozo ulikuwa na kurasa mia sita. Mara ya kwanza alipoandika maneno hayo manne, "kwa unyenyekevu kabisa, angalia", alimwona Joonatan kwenye meza yake ng'ambo ya chumba akiganda, kisha akigeuza shingo kumtazama. Marketta alikuwa akinywa kahawa. Hakuinua macho.

Wiki ya tatu mke wa Sampsa alijifungua, na Sampsa akaenda likizo ya ubaba, kama alivyokuwa ameandika kwenye kalenda ya ofisi tangu mwezi wa kumi. Marketta alikuwa ameiona kalenda hiyo. Joonatan hakuwa ameiangalia.

Saa kumi kamili alasiri, kila siku, Marketta alivaa koti lake, akaaga kwa jina kila aliyekuwa chumbani, na la Joonatan alilitaja la mwisho.

Ijumaa ya wiki ya sita aliamka mapema akaoka. Alipeleka ofisini sinia la mikate mitamu ya iliki, na mkubwa wa katikati alikuwa ameuandika kwa sukari nyeupe: 6. Akaliweka sinia mezani wakati wa kahawa ya saa tatu, watu wote wakiwepo.

"Nimesikia leo ndiyo siku yenyewe," alisema. "Nikaona si vizuri tupite kimya."

Watu walicheka, maana waliona ni utani wa kawaida wa kazini. Skrini zilizokuwa tayari zilikuwa arobaini na moja. Joonatan alikatiwa ule mkate wenye namba, akala wote, kipande kwa kipande, huku anatazamwa. Alikuwa amekonda shingoni. Pirjo alimwambia kwa upole kwamba wataongeza wiki sita nyingine, na Marketta akauliza kama aoke tena.

Aseme mtu atakavyosema, yale yalikuwa majira ya kuchipua bora kuliko yote ya maisha yake. Barafu ikayeyuka, bata mwitu wakarudi, na yeye akawa anaamka na furaha kama msichana aliyeposwa. Alipokwenda kaburini kwa mama yake kupanda maua, alimweleza kwa sauti ndogo maendeleo yote: sitini na tatu, mama. Sabini na nane.

Wiki sita zikawa miezi tisa. Mwezi wa kumi na moja Pirjo, aliyekuwa anakaliwa kooni na wakubwa, akaamua skrini mpya zifungwe kwenye mashine chache za wateja hata kama kazi haijaisha. Mojawapo ilikuwa ya Urho Moilanen.

Urho alikuwa dereva wa misitu ya Hyrynsalmi, mtu wa miaka sitini, na alizoea kumpigia Marketta simu moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Alipiga Jumanne moja asubuhi. Alisema vitufe vipya ni vidogo kama punje, hawezi kuvibonyeza na glavu, inambidi avue glavu kwenye baridi kali kila anapofungua mlango kukagua mnyororo wa msumeno. Na baridi ilipopita nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, kipimo cha joto la mafuta kimetoweka kabisa. Amesimamisha mashine siku ya tatu hii kwa kuogopa kuunguza pampu.

Marketta alisikiliza na moyo ukamdunda kwa raha. Alikuwa akijua tangu mwanzo. Katika Kaisla kulikuwa na kanuni kwamba kitufe kisiwe kidogo kuliko kidole gumba ndani ya glavu, na glavu aliyoipima miaka ile ilikuwa ya Urho huyu huyu. Kanuni hiyo haikuwa kwenye mwongozo. Hakuna aliyemwuliza. Akamwambia Urho ayaandike hayo yote, atume kwa Pirjo Heikura, na ataje jina la aliyeitengeneza.

"Mimi namjua nani huko?" alisema Urho. "Nakujua wewe. Nyie mkigombana ofisini ni juu yenu. Lakini mimi nimekosa nini, Marketta?"

Marketta alimwambia asubiri. Akachukua kompyuta yake na gari la kampuni, akaendesha saa moja na nusu mpaka msituni, akapanda kwenye kibanda cha mashine, Urho akamsogezea chupa ya kahawa, na hapo, kwa mara ya kwanza, akafungua kazi ya Joonatan.

Alikuwa ameingoja iwe mbovu. Haikuwa mbovu. Lugha mpya, aliyoijenga Joonatan mwenyewe juu ya zile za kisasa, ilikuwa imepangwa vizuri, visanduku vyake vinasomeka. Alipokosea makusudi, akaacha kisanduku kimoja wazi ili aone kitakachotokea, skrini haikuwa nyeupe. Ilimwambia: mstari wa hamsini na mbili, hujafunga. Marketta aliyatazama maneno hayo muda mrefu. Akafunga kisanduku. Akavikuza vitufe, akakitafuta kipimo cha mafuta, akakuta Joonatan amesahau alama ya kutoa mbele ya namba zinazopita ishirini na tano, hivyo skrini haikuitambua baridi ile. Baada ya saa moja kazi ikaisha. Urho akawasha mashine na kumpungia mkono wenye glavu. Njiani kurudi Marketta hakuwa na amani. Alimchukia Joonatan zaidi kuliko alipoondoka, kwa sababu sasa alijua kwamba kwa habari ya lugha yule mtu alikuwa sahihi.

Kesho yake alimkuta Joonatan peke yake kwenye chumba cha kahawa. Akafunga mlango. Akamweleza alichorekebisha kwenye mashine ya Urho, na Joonatan akashukuru bila kumtazama. Kisha Marketta akamwambia anajua kwamba namba kumi na saba ni yeye Joonatan.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Alhamisi ile. Kabla ya supu."

Joonatan akaketi. Akakokotoa kichwani miezi yote, mkate wa iliki, kurasa za mwongozo, na Marketta akaona kila kimoja kikimwingia usoni kwa zamu yake. Hilo alikuwa amelingoja kwa hamu kuliko yote, na alilitazama mpaka mwisho.

"Nilikuletea mara tatu," alisema Joonatan. "Ile ya kuonyesha kosa liko mstari gani. Niliiandika kwa ajili ya Kaisla, mara tatu, nikakuletea. Hukuisoma hata mara moja. Ulisema Kaisla haihitaji. Miaka sita, Marketta. Nilikuwa na hasira."

Ilikuwa kweli. Aliikumbuka ya kwanza na ya tatu.

"Hayo ungesema," alimjibu. "Ungeandika hata kwa matusi, ningelia kidogo nikanyamaza. Mama yangu hakuwa kwenye dodoso."

Joonatan akasema anaomba radhi, tena kwa sauti iliyoonyesha anamaanisha. Marketta akasema amesikia. Hakusema amesamehe, kwa sababu sharti la kwanza lilikuwa bado linamfunga: kutosema uongo.

Joonatan aliacha kazi kabla ya kiangazi, akahamia kampuni moja ya mji wa Oulu. Siku ya kumuaga kulikuwa na keki ya krimu na matunda ya msituni, na Pirjo akatoa hotuba fupi. Marketta alihudhuria, akala vipande viwili.

Skrini zilizobaki alizimalizia yeye na Sampsa, kwa lugha ile mpya, na iliwachukua miezi kumi na tano. Kanuni ya kidole gumba aliiandika ukurasa wa kwanza. Kaisla ilizimwa mwezi wa tisa, asubuhi, bila sherehe. Alibonyeza mwenyewe, akaenda kuchuma matunda msituni mpaka jioni, na mwaka huo ndipo alipozitoa nguo za mama yake kabatini.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuandika mwongozo. Ukurasa wa mbele ulikuwa na nafasi ya majina ya waliotengeneza lugha. Aliandika la Sampsa. Akaandika lake. Akaandika Joonatan Räsälä, maana bila yeye hakuna lugha ya kuandikiwa mwongozo, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale Louhela. Akaliangalia jina hilo muda kidogo, kahawa ikipoa pembeni.

Kisha akalifuta, herufi moja baada ya nyingine kutoka nyuma, taratibu, akautuma mwongozo uchapwe. Alijua ni dhuluma. Akavaa koti saa kumi kamili, akaaga kila mtu kwa jina, akatoka.